Mbwa wa vita juu ya meza: kutoka karakana za Guangdong hadi kaburi la Nachingwea

Sanamu ya mbwa yenye kimo cha milimita 11 hutosha kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Kwa mtoto ni kitu cha kuchezea, na ikipotea mchangani hakuna anayeitafuta. Kwa watu wazima wanaocheza michezo ya vita ya mezani, mbwa huyo ana kazi yake, na kumtengeneza vizuri ni jambo la siku kadhaa. Makala haya yanaeleza jinsi sanamu hizo zinavyotengenezwa, nafasi ya mkoa wa Guangdong nchini China katika kazi hiyo, na habari za mbwa mmoja wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliyezaliwa China na kuzikwa Tanganyika.

Mizigo ya Dengfeng

Dengfeng ni mtaa wa wilaya ya Yuexiu, katikati ya jiji la Guangzhou. Wageni wengi huuita Xiaobei, kwa jina la barabara ipitayo hapo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wafanyabiashara kutoka Afrika wamekuwa wakifikia katika hoteli za eneo hilo, wakila katika migahawa yake ya chakula halali, na kupanga ofisi katika majengo ya jirani kama Tianxiu, lililoko kando ya barabara ya Huanshi Mashariki. Lugha ya Kiswahili, iwe ya Dar es Salaam, ya Mombasa au ya Lubumbashi, si ngeni katika vichochoro vyake. Idadi ya Waafrika ilianza kupungua katikati ya miaka ya 2010, na ikashuka zaidi mwaka 2020, wakati wa janga la virusi vya corona, ambapo wengi wao walifukuzwa katika nyumba na hoteli walizokuwa wamepanga. Hata hivyo, biashara haikukoma.

Kilomita chache kusini mwa Dengfeng, kuelekea Mto wa Lulu, iko barabara ya Yide, yenye maduka mengi ya jumla ya vifaa vya kuchezea, vifaa vya shule na mapambo. Bidhaa nyingi za namna hiyo hutoka Chenghai, katika jiji la Shantou, mashariki mwa mkoa wa Guangdong, eneo linalojulikana ulimwenguni kwa viwanda vya vitu vya kuchezea watoto. Miongoni mwa bidhaa hizo ni mifuko ya askari wa plastiki wa rangi moja, kijani au kahawia, ambayo kila mzazi wa Afrika Mashariki ameiona sokoni. Mara nyingine ndani ya mfuko huwamo pia mbwa, mdomo wazi na masikio yamesimama.

Mkoa huo huo hutengeneza pia sanamu za daraja jingine kabisa. Kampuni ya Trumpeter, ambayo makao yake ni Zhongshan, kusini mwa Guangzhou, ni moja ya kampuni kubwa duniani za mifano ya vifaru, ndege na meli za kivita inayounganishwa kwa mkono. Nako Shenzhen kuna kampuni za Creality, Anycubic na Elegoo, ambazo mashine zao za kuchapa sanamu zimeingia katika nyumba za wapenzi wa mifano Ulaya na Marekani. Ni sahihi kusema, basi, kwamba mbwa wa mfukoni anayeuzwa kwa bei ya peremende na mbwa wa kabatini anayepakwa rangi kwa miwani ya kukuzia ni jamaa wa mkoa mmoja.

Mchezo wenye umri wa karne mbili

Michezo ya vita ya mezani ilianza kama somo la maofisa. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo uliotumia ramani, vipande vidogo na dadu ili kuwafunza makamanda kufanya uamuzi bila kumwaga damu. Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza, H. G. Wells, alitoa kitabu cha kanuni za kucheza vita kwa askari wa kuchezea, akautoa mchezo huo kambini na kuuingiza sebuleni.

Siku hizi wachezaji wawili hupanga vikosi vyao juu ya meza yenye vilima, nyumba na miti ya mfano. Kila mmoja husogeza sanamu zake kwa zamu, akipima mwendo kwa utepe, na dadu huamua nani kapigwa na nani kaponea. Kipimo kinachopendwa sana ni cha milimita 28, ambacho huhesabiwa kuwa takriban 1 kwa 56: kila sentimita 56 za mwili wa kweli huwa sentimita 1 mezani. Wapo wanaopendelea 1 kwa 72, kilicho kidogo zaidi. Kipimo cha 1 kwa 35 hutumiwa zaidi na wale wasiocheza, wanaotengeneza mandhari ya kuwekwa kabatini.

Mbwa alikuwa na kazi gani vitani?

Kabla ya kushika kisu na brashi, mtengenezaji humwuliza mbwa wake swali moja: kazi yako ilikuwa nini? Katika Vita Kuu ya Pili mbwa walilinda kambi, walibeba ujumbe, walinusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na walitafuta majeruhi. Jeshi la Marekani lilianza kuwaandikisha rasmi mwaka 1942. Katika kisiwa cha Guam, kilichopiganiwa mwaka 1944, iko kumbukumbu ya mbwa 25 wa kikosi cha wanamaji, wengi wao wa aina ya Dobermann, waliokufa katika mapigano hayo.

Hadithi zote hazipendezi namna hiyo. Jeshi la Kisovieti liliwafunza mbwa kuingia chini ya vifaru wakiwa wamefungwa mabomu mgongoni. Mbwa hao walizoeshwa kupata chakula chini ya kifaru, na mlipuko uliokiharibu kifaru uliwaua na wao. Wengine walitishwa na moto wa vita, wakageuka na kurudi mbio kwa askari wao wenyewe. Kanuni za mchezo wa Bolt Action, uliotolewa nchini Uingereza mwaka 2012 na kuchezwa sasa katika nchi nyingi, zina nafasi ya mbwa hao katika jeshi la Kisovieti. Mchezaji anayewanunua anapaswa kujua ananunua nini.

Kwa msikilizaji wa Kenya, mbwa wa kijeshi huleta kumbukumbu nyingine. Katika miaka ya hali ya hatari, kuanzia 1952 hadi 1960, majeshi ya Waingereza yalitumia mbwa wa kufuata nyayo katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, wakiwasaka wapiganaji wa Mau Mau. Mbwa yule yule anayeitwa shujaa katika masimulizi ya upande mmoja, katika masimulizi ya upande wa pili ni tishio linalobweka nyuma ya kichaka. Sanamu haiwezi kusema yote mawili, lakini aliyeitengeneza anaweza kuyajua yote mawili, na kuchagua mkao, uso na mandhari kwa kuyajua.

Gander wa Hong Kong

Mfano ulio karibu zaidi na Guangzhou ni wa Gander, dume kubwa jeusi la aina ya Newfoundland. Alikuwa mbwa wa rejimenti ya Royal Rifles ya Kanada, na askari walimpa cheo cha sajini kwa utani uliogeuka kuwa kweli. Mwishoni mwa mwaka 1941 alisafiri nao kwa meli hadi Hong Kong. Wakati huo Guangzhou ilikuwa imeshikwa na Wajapani tangu Oktoba 1938.

Wajapani waliishambulia Hong Kong tarehe 8 Desemba 1941. Usiku wa tarehe 19, katika mapigano ya Lye Mun, bomu la mkono lilitupwa karibu na askari wa Kanada waliokuwa wamejeruhiwa. Gander alilidaka kwa meno na kukimbia nalo mbali nao. Lililipuka na kumwua, na majeruhi wale wakaishi. Siku ya Krismasi Hong Kong ilisalimu amri. Ilichukua hadi mwaka 2000 kwa Gander kupewa nishani ya Dickin, ambayo shirika la Uingereza la kuwatibu wanyama, PDSA, huwatunukia wanyama kwa ushujaa wa vitani tangu mwaka 1943.

Kwa mtengenezaji, Gander ni kazi ya manyoya. Mbwa wa aina yake hufikia kama sentimita 70 mabegani, yaani milimita 12 na nusu katika kipimo cha 1 kwa 56, na mwili wake wote umefunikwa na manyoya mazito. Akichongwa mwembamba huwa mbwa mwingine. Na rangi nyeusi tupu mezani huonekana kama shimo. Kwa hiyo hupakwa kijivu cha giza chenye ubuluu kidogo kwenye miinuko ya manyoya, na weusi wenyewe huachwa mabondeni.

Judy, kutoka Shanghai hadi Nachingwea

Mbwa wa pili anawahusu moja kwa moja wasikilizaji wa Tanzania. Judy alikuwa jike wa aina ya pointer, mbwa wa kuwindia ndege, mweupe mwenye mabaka ya rangi ya maini. Alizaliwa Shanghai mwaka 1936 na kuchukuliwa na mabaharia wa manowari ya Uingereza, Gnat, iliyokuwa ikifanya doria katika Mto Yangtze. Walijaribu kumfundisha kuwinda, lakini hakuwa mwanafunzi mzuri. Alichokiweza ni kubweka kabla ya hatari kufika: ndege za Wajapani alizisikia kabla ya masikio ya watu kuzisikia.

Baadaye alihamishiwa manowari ya Grasshopper. Singapore ilipokuwa ikianguka, Februari 1942, meli hiyo ilikimbia kuelekea kusini, ikapigwa kwa mabomu na kuzama. Manusura walijikuta katika kisiwa kisicho na watu wala maji ya kunywa. Judy ndiye aliyefukua mahali palipokuwa na chemchemi. Walifika Sumatra, wakapita msituni kwa miguu wakitarajia kupata meli Padang, lakini walikuwa wamechelewa, wakawa mateka wa Wajapani.

Katika kambi ya Gloegoer, Medan, Judy alikutana na askari wa jeshi la anga la Uingereza, Frank Williams, aliyemgawia wali wake mchache. Tangu siku hiyo hawakutengana. Ili walinzi wasimwue, Williams alimshawishi mkuu wa kambi kumwandikisha Judy kuwa mateka kamili, kwa ahadi ya kumpa mmoja wa watoto wake. Alipewa namba 81A. Hakuna mbwa mwingine anayejulikana kuandikishwa kuwa mateka wa Wajapani katika vita hivyo.

Mwezi Juni 1944 mateka walipakiwa katika meli ambayo ilipigwa kombora na manowari ya chini ya maji ya Waingereza wenzao, waliokuwa hawajui nani yumo ndani. Williams alimsukuma Judy nje kupitia dirisha dogo la meli kabla ya yeye mwenyewe kujiokoa. Walioogelea naye walisimulia kwamba aliwaendea waliokuwa wakizama, nao wakamshika mgongoni. Wawili hao walikutana tena katika kambi nyingine, kisha wakapelekwa kwenye ujenzi wa reli ya Pekanbaru, katikati ya misitu ya Sumatra, hadi Japani iliposhindwa mwaka 1945. Mwaka 1946 Judy alipewa nishani ya Dickin mjini London.

Mwaka 1948 Williams aliajiriwa katika mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza huko Tanganyika, mradi ambao wazee wa Kongwa, Urambo na Nachingwea waliujua vizuri. Judy akaja naye, na huko akazaa watoto 7. Mradi wenyewe ulikuwa unakwenda kombo, kwa kuwa ardhi, mvua na mitambo havikupatana na mipango iliyoandikwa London, na mwaka 1951 uliachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Judy hakuuona mwisho huo. Alikufa Nachingwea mwezi Februari 1950, akiwa na umri wa miaka 14, baada ya kuugua uvimbe na pepopunda. Williams alimzika akiwa amevikwa koti lililoshonwa kwa kitambaa cha jeshi la anga, kisha akatumia kama miezi miwili kumjengea kumbukumbu ya mawe.

Nachingwea inajulikana zaidi kwa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, ambako walimu wa kijeshi kutoka China walifundisha katika miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji. Mbwa wa Shanghai alikuwa amewatangulia Wachina hao kufika Nachingwea.

Plastiki mbili, kalibu tatu

Mtu anayetaka kumtengeneza Judy anaweza kuanza na mbwa wa mfuko aliyenunuliwa Yide. Jambo la kwanza ni kuijua plastiki yake. Askari wa mifukoni kwa kawaida ni wa plastiki laini, jamaa ya ile ya ndoo. Hupindika bila kuvunjika, jambo jema kwa mtoto, lakini gundi haiishiki na rangi hubanduka kama ngozi iliyochomwa na jua. Mifano ya kuunganishwa ni ya plastiki ngumu, jamaa ya kasha la kaseti. Gundi yake huyeyusha kidogo nyuso mbili zikawa kitu kimoja, na hukubali kisu, tupa na rangi.

Jambo la pili ni kalibu. Plastiki huyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma yenye pande mbili. Kalibu hiyo ni ghali sana kuichonga, lakini ikishakuwapo, kila sanamu inayotoka hugharimu senti chache. Hiyo ndiyo sababu viwanda vya Guangdong huweza kuuza mfuko mzima kwa bei ndogo, ilimradi vitoe maelfu kwa maelfu. Lakini kalibu ya pande mbili ina masharti yake. Sehemu yoyote inayojikunja kwa ndani hunasa. Kwa hiyo mbwa wa bei rahisi hugawanywa kushoto na kulia, miguu ikanyooshwa, na nafasi kati ya miguu ya mbele mara nyingine huzibwa kabisa. Mstari unaopita mgongoni kuanzia puani hadi mkiani ndio mahali pande mbili za kalibu zilipokutana.

Njia ya pili ni kusubu kwa madini mchanganyiko yenye bati. Mchongaji hutengeneza mbwa mmoja wa asili kwa udongo wa gundi wenye sehemu mbili, moja njano na nyingine buluu, ambazo zikikandwa pamoja huwa kijani na kukauka kwa saa kadhaa. Mbwa huyo hubanwa kati ya visahani viwili vya mpira, ambavyo hupikwa hadi vikashika umbo lake. Kisha kalibu huzungushwa kwa kasi huku madini yaliyoyeyuka yakimiminwa katikati, na mzunguko huyasukuma hadi kwenye ncha za mikia. Gharama ya kuanza ni ndogo, na ndiyo maana karakana ya watu wawili au watatu inaweza kutoa mbwa wa aina ambayo kiwanda kikubwa hakitaigusa.

Njia ya tatu ni ya siku hizi. Mbwa huchongwa kwenye kompyuta, kisha mashine humjenga tabaka kwa tabaka, kila tabaka likiwa na unene wa kama sehemu 5 za 100 za milimita, kwa kugandisha resini ya maji kwa mwanga. Hapa kalibu haipo, na mbwa anaweza kujikunja apendavyo. Hata hivyo resini ambayo haijaganda hudhuru ngozi, na vumbi lake halifai kuvutwa puani. Glavu, dirisha lililo wazi na kusugua kwa maji ni mambo ya lazima. Vilevile sanamu za zamani za risasi hazifai kuachwa mikononi mwa watoto.

Kumtengeneza Judy

Pointer jike ana kama sentimita 61 mabegani. Zikigawanywa kwa 56 hubaki milimita 11. Mguu wake wenye unene wa sentimita 4 huwa pungufu ya milimita moja, na mguu mwembamba hivyo hauwezi kuvumilia kushikwashikwa na wachezaji. Ndiyo maana wachongaji huinenepesha kidogo miguu, pua na masikio. Mbwa sahihi kwa rula mara nyingi huonekana mgonjwa akiwekwa kando ya askari ambao nao wamenenepeshwa mikono na vichwa.

Akianza na mbwa wa mfukoni, ambaye kwa kawaida huwa wa aina ya German Shepherd, mtengenezaji humkata masikio yaliyosimama na kumwekea ya udongo wa kijani yaliyolala kando ya mashavu. Mkia wenye manyoya huondolewa, na mahali pake huwekwa waya mwembamba ulionyooka. Mteremko wa kiuno hujazwa ili mgongo uwe sawa. Manyoya yaliyochongwa husuguliwa hadi yakatoweka, kwa sababu pointer ana manyoya mafupi, na kinachoonekana kwake ni misuli. Na kwa Judy wa Sumatra, kinachoonekana ni mbavu. Aliyekula makombo ya mateka kwa miaka 3 hawezi kuwa na tumbo la mbwa wa maonyesho.

Mkao nao una maana. Wengi wangependa kumweka pointer katika mkao unaojulikana wa aina yake: mguu mmoja juu, pua mbele, akionyesha ndege. Kwa Judy mkao huo ungependeza bila kusema kweli, maana uwindaji haukuwa kazi yake. Mkao unaomfaa ni wa kichwa kilichogeuzwa juu na pembeni, masikio yamevutwa nyuma, kama asikiaye ndege angani kabla ya wenzake.

Kisha huja rangi. Sanamu huoshwa kwa maji na sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, na ikiwa ni ya plastiki laini hupakwa kwanza gundi nyeupe iliyozimuliwa, ambayo hunyumbuka pamoja nayo. Weupe haupakwi mweupe. Huanza na rangi ya mchanga mkavu, na nyeupe huongezwa taratibu mgongoni, mabegani na kwenye paji la uso. Mabaka ya maini hupakwa kahawia yenye wekundu kidogo, na kingo zake huvunjwavunjwa, kwa kuwa baka la mbwa halina mpaka wa ramani. Jicho ni kitone kimoja cheusi. Atakayejaribu kuweka na weupe wake atapata mbwa aliyeona jini.

Kwa kitako, njiti za kiberiti zilizopakwa kahawia hutosha kuwa mataruma ya reli, na majani ya chai yaliyochujwa na kukaushwa hufanana sana na majani yaliyoanguka msituni.

Je, mbwa ana thamani gani mchezoni?

Swali gumu zaidi huja dadu zikishatoka. Katika kanuni nyingi mbwa huhesabiwa kama silaha: hukimbia kuliko askari, huuma akifika, na hana bunduki. Kwa mbwa wa kulinda kambi kanuni hiyo inatosha. Kwa Judy haifai kabisa, kwa kuwa sifa yake haikuwa kuuma. Sababu zilizotajwa alipotunukiwa nishani zilikuwa ushupavu wake, uangalifu wake, na jinsi alivyowatia moyo mateka wenzake. Kundi la wachezaji linaloheshimu historia linaweza kumtungia kanuni yake: kikosi chenye Judy hakishtukizwi na ndege wala mvizio, na askari walio karibu naye hupewa nafasi ya pili ya kurusha dadu wanapokaribia kukata tamaa.

Wapo wanaosema kwamba vita si vya kuchezewa, na hoja yao ina uzito. Wapo pia wanaojibu kwamba mchezaji ambaye amesoma miezi miwili ili kupaka rangi kikosi kimoja huijua vita ile kuliko aliyetazama sinema ya saa mbili. Tofauti, pengine, iko katika kile kinachoachwa nje ya meza. Reli ya Pekanbaru haikujengwa na mateka wa Kizungu peke yao. Maelfu kwa maelfu ya vibarua wa Kijava, walioitwa romusha, walilazimishwa kuijenga na kufa kando yake, na wengi wao hawana jina wala kaburi. Afrika Mashariki inaielewa hali hiyo. Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza walikufa kwa wingi bila kuandikwa majina, na kilichobaki midomoni mwa watu ni jina la kikosi chao, Kariakoo. Askari wa KAR, au Keya kama wazee walivyoiita, walipigana na Wajapani hao hao huko Burma mwaka 1944 na 1945. Sanamu za wapagazi hao na askari hao ni chache mno katika maduka ya mifano.

Kwa hiyo anayemtengeneza Judy kwa haki atamwekea wenzake: mateka mmoja aliyekonda, na romusha wawili wenye taruma begani. Gharama yake ni udongo kidogo na jioni chache zaidi. Kusini mwa Tanzania, ambako Wamakonde wamechonga mpingo kwa vizazi vingi, hakuna sababu ya mikono yenye ujuzi huo kusubiri kalibu ya Guangdong ili kumchonga mbwa aliyezikwa katika ardhi yao.

Wapenzi wa mifano wana desturi ya kuandika chini ya kitako, kwa herufi ndogo, jina la sanamu na mwaka ilipokamilika. Chini ya mbwa huyu mweupe mwenye mabaka ya maini panafaa maneno manne tu na miaka miwili: Judy, 81A. Shanghai 1936, Nachingwea 1950.